Betri Ilitangulia Sola

Wenye nyumba wanaonipigia simu kutoka Ruiru, Syokimau na Kitengela karibu wote huuliza jambo moja. Paneli ziko juu ya paa, umeme wa jua unafanya kazi mchana, sasa wafanyeje waongeze betri? Huuliza kama watu wanaoulizia kitu kilichoingia mjini juzi. Nami huwajibu kwa hesabu za kilowati na bei, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Lakini mimi ni mzaliwa wa Nkubu, Meru, binti wa fundi wa kuchaji betri, na kwetu mambo yalianzia upande wa pili. Betri ilikaa ndani ya nyumba miaka mingi kabla paneli hazijapanda juu ya bati. Watu wa kwetu hawakuongeza betri kwenye sola, waliongeza sola kwenye betri. Vitabu na ripoti husimulia sola ya Kenya kana kwamba ni habari ya paneli tu, na mimi siridhiki na masimulizi hayo, kwa sababu yanawaacha nje watu waliobeba mzigo wenyewe, wengine kwa migongo yao.

Kabla ya betri ya gari palikuwa na mawe ya redio. Mawe yakichoka yalianikwa juani juu ya jiwe au bati, na jioni redio ikapata sauti ya kutosha taarifa ya habari. Joto lilikuwa likiamsha kemikali kidogo zilizosalia ndani. Kila nyumba ilijua hivyo pasipo kufundishwa na mtu, na kila nyumba ilijua pia kwamba mawe yaliyoanikwa mara ya tatu hayana faida tena.

Kilichoingiza betri ya gari sebuleni ni televisheni. Mpango wa Serikali wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1973, lakini nyaya zilifuata barabara kuu, masoko, hospitali, shule na viwanda vya kahawa na chai. Aliyejenga ng'ambo ya bonde aliziona nyaya za stima kila siku, na usiku akawasha koroboi. Hata hivyo mkulima huyo alikuwa na kahawa, na kahawa ikilipa alikuwa na pesa mkononi. Zile televisheni ndogo za picha nyeusi na nyeupe, Great Wall za inchi 14, zilikubali volti 12 moja kwa moja, na volti 12 ndizo za betri ya gari. Mtu alinunua televisheni, akanunua betri kuukuu kwa mwenye matatu, akasimamisha mti mrefu wenye antena, basi nyumba yake ikawa ukumbi wa kijiji. Vitimbi na Vioja Mahakamani nilivitazama kwanza kwa majirani kwa umeme wa namna hiyo, tumekaa sakafuni, watoto mbele na wazee nyuma kwenye viti.

Betri ikiisha ililazimu iende mahali penye stima. Mahali penyewe palikuwa kwa baba.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya duka la vipuri sokoni. Chaja ilikuwa sanduku la chuma lenye transfoma inayonguruma kutwa, na betri zilipangwa sakafuni juu ya mbao, chanya ya hii imeungwa kwenye hasi ya ile, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa chaki. Zilifika kwa wilbaro, kwa baiskeli, kwa punda, na mara nyingi kwa mgongo wa mama, kamba ikiwa imepita juu ya paji la uso kama anavyobeba kuni. Betri ya ampea-saa 50 ina uzito wa kilo kumi na kitu, na ndani yake mna asidi ya salfuri. Kifuniko kikilegea njiani, asidi hutiririka. Akina mama wengi wa upande wetu walikuwa na leso zilizotoboka sehemu ya kiunoni, na mama yangu aliweka kopo la magadi kibandani kwa ajili ya ngozi zao. Maendeleo yale yaliyoandikwa baadaye kwa takwimu nzuri yalianza na mwanamke aliyebeba asidi mgongoni akipanda kilima, ili jioni mume wake na majirani watazame taarifa ya habari.

Baba alichaji taratibu. Betri ya ampea-saa 50 aliipa ampea 5, yaani sehemu moja ya kumi, na akaiacha usiku kucha. Alifungua vifuniko vyote sita ili mapovu yatoke, kwa sababu mapovu hayo ni haidrojeni, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuta sigara hata mlangoni. Asubuhi alitumbukiza haidromita katika kila tundu. Asidi ya betri iliyoshiba husoma karibu 1.27, na iliyokauka nguvu hushuka hadi karibu 1.12. Betri ya volti 12 ni vyumba sita vya volti mbili mbili, na chumba kimoja kikiugua huwaangusha wenzake watano. Baba aliandika vipimo vya vyumba vyote sita katika daftari la shule, kila betri na ukurasa wake, hivyo alijua mapema ni ya nani itakayokufa kabla ya Krismasi. Wengine sokoni walitoza pesa, wakatoa betri ya moto moto iliyochemshwa kwa saa mbili kwa ampea nyingi, na mteja akaona taa inawaka akafurahi. Betri za baba zilidumu zaidi, na nasema hivyo kwa sababu madaftari yake ninayo.

Wiki zilizojaza kibanda kupita zote zilikuwa za Kombe la Dunia la mwaka 1990. Cameroon iliifunga Argentina katika mechi ya ufunguzi, na kuanzia hapo Afrika yote ilikuwa na timu moja. Usiku wa tarehe 1 Julai, Cameroon ilikutana na Uingereza mjini Napoli. Mechi ilianza saa nne za usiku kwa saa zetu, na ilipokwenda muda wa nyongeza ilivuka saa sita. Betri iliyozoea kutazama taarifa na sinema moja ilitakiwa ihimili mpaka usiku wa manane. Mchana wa siku hiyo watu walipanga foleni hadi barabarani, wengine wakiomba wachajiwe hata saa moja tu. Baba aliwakatalia wale ambao vyumba vya betri zao vilikuwa vimeoza, akawaambia waende kwa jirani mwenye betri nzima. Roger Milla aliingia kipindi cha pili, Cameroon ikatangulia kwa mabao mawili kwa moja, kisha penalti mbili za Lineker zikatutoa kwa 3–2. Kesho yake betri zilirudi kibandani zikiwa zimenyonywa mpaka tone la mwisho, na nyingine hazikuamka tena.

Kisa cha kutoamka kwake kinafaa kuelezwa, maana humo ndimo ilimozama pesa ya vijijini kwa miongo mitatu. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi. Ukiitumia polepole usiku kucha hadi ikauke, bamba hufunikwa na salfeti ya risasi, na ukiiacha hivyo siku kadhaa salfeti hiyo hugeuka fuwele ngumu zisizorudi kwenye asidi hata uchaji vipi. Na mteja wa kijijini aliiacha hivyo, si kwa ujinga, bali kwa sababu siku ya soko ilikuwa bado au pesa ya kuchaji haijapatikana. Tena maji yakipungua aliongeza ya mtoni, yenye chumvi na udongo, kwa kuwa maji ya betri yaliuzwa mjini kwa chupa. Betri ambayo ndani ya gari ingeishi miaka minne ilimalizika kwa mmoja au miwili.

Paneli iliingia kama dawa ya safari ile ya kilima. Mwaka 1984 Mark Hankins, kijana Mmarekani wa Peace Corps, alikuwa mwalimu katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, huko huko Meru. Shule ilitaka jenereta ya dizeli. Yeye akamleta mhandisi Mmarekani mwenzake, Harold Burris, aliyekuwa na karakana yake aliyoiita Solar Shamba, wakafunga paneli na betri badala ya jenereta. Baadaye walipata msaada wa Marekani wa kufunga katika shule nyingine na kufundisha vijana wa hapo hapo kazi ya kufunga. Wazazi waliokuja shuleni kwa mikutano waliona taa zikiwaka pasipo moshi wala kelele, na walimu wenye mishahara ndio waliokuwa wa kwanza kutaka ya nyumbani. Serikali nayo iliondoa ushuru wa paneli mwaka 1986.

Ninamheshimu kila aliyefanya kazi ile ya Karamugi. Lakini masimulizi mengi huanza hapo, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na giza tupu. Palikuwa na televisheni, betri, vibanda vya kuchaji, na watu waliojua volti na ampea kwa mikono yao. Soko lilikuwa tayari, na ndiyo maana paneli zilienea Kenya kwa pesa za wenyewe, dukani, bila mradi mkubwa wa Serikali wala wa wafadhili. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya laki moja zilikuwa zimefunga. Na vijana wengi waliozifunga walikuwa wamekwisha kushika haidromita kabla ya kushika paneli.

Paneli za kwanza zilikuwa kubwa kiasi, za wati 40 au 50, na wanunuzi walikuwa wakulima wenye kahawa na chai. Kisha mwezi Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Mkulima aliyekuwa akiwaza wati 50 akatazama mfuko wake. Hapo ndipo paneli ndogo za wati 12 na 14, zile za kioo chenye rangi ya kahawia, zilipopata wateja: zilibebeka kwenye matatu, zilinunulika kwa malipo ya msimu mmoja, na mtu aliweza kuongeza ya pili mwaka unaofuata.

Ila hesabu yake ilikuwa ngumu. Paneli ya wati 12 ikipata saa tano za jua zuri hutoa wati-saa 60. Betri ya ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600. Kuijaza kutoka sifuri kungechukua siku kumi, bila mtu kugusa swichi. Televisheni ya wati 15 kwa saa tatu hula 45, taa ya wati 8 kwa saa mbili hula 16, na siku imekwisha na deni. Hapo ni siku ya jua. Mvua za Aprili na za Novemba, na ule ukungu wa Julai unaoteremka kutoka mlimani, zilipunguza mapato hayo hadi nusu au chini ya hapo. Kwa hiyo kibanda cha baba hakikufa paneli zilipokuja. Kiliendelea, hasa misimu ya mvua, na wateja wake sasa walikuwa na sola nyumbani. Walikuja wakilalamika kwamba paneli ni mbovu. Baba alifungua vifuniko, akapima, akawaonyesha kwamba paneli haina kosa, chakula ni kidogo kuliko tumbo.

Wengi hawakuwa na kidhibiti chaji, kile kisanduku kinachokata umeme betri ikikaribia kuisha. Kiliongeza gharama na hakikutoa mwanga wala picha. Fundi aliyetaka kumpendeza mteja alikiacha, na palipokuwa nacho, watoto walijifunza kukiruka kwa kipande cha waya mechi ikikatika katikati. Viwanda navyo vilijifunza. Associated Battery Manufacturers ya Nairobi, iliyokuwa ikiunda betri za magari, ilitengeneza betri ya sola: bamba nene zaidi, nafasi ya asidi zaidi, uvumilivu zaidi. Ziliuzwa na Chloride Exide kila mji. Hazikuwa betri kamili za kunyonywa sana kama zile za vituo vya simu, zilikuwa ndugu wa betri ya gari waliotiwa nguvu, na bei yake ilifikika. Mimi naihesabu betri ile kuwa mojawapo ya vitu vya maana vilivyoundwa Kenya, nao waliosaidia kuieneza wanastahili kutajwa palipo na jina la Karamugi.

Nani alitawala umeme uliohifadhiwa? Mtafiti Mmarekani Arne Jacobson alipima matumizi katika nyumba za Kenya, na katika maandishi yake ya mwaka 2007 alionyesha kwamba katika mifumo midogo televisheni ndiyo iliyochukua sehemu kubwa, na taa ya mtoto kusoma au ya mama kupikia ilipata masalio. Nilipoyasoma nilikumbuka nyumba nyingi. Taa ilifungwa sebuleni kwanza. Jikoni, ambako kazi ya usiku ilikuwa, palibaki na koroboi, na moshi wake. Betri ikiwa ndogo kila saa ya picha huondoa saa ya taa, na aliyeshika swichi alikuwa mwenye nyumba. Siku hizi nikifunga mfumo wowote naanza kuulizia jikoni, na mara nyingi ndipo mama wa nyumba anaposogea karibu na kuanza kusema.

Kilichokifunga kibanda hatimaye ni simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ghafla kila mtu alihitaji kuchaji kitu kidogo kila siku. Kwa muda baba alichaji simu kwenye ubao wenye nyaya kumi na mbili, akapata riziki. Kisha M-Kopa ikaanza kuuza mwaka 2012: paneli ndogo, taa, na betri isiyofunguka, mteja akilipa shilingi 40 kwa siku kwa simu ile ile. Betri ile haikuwa na vifuniko, haikuhitaji maji, haikwenda sokoni. Baba aliishika moja akaigeuza geuza akitafuta mahali pa kutumbukiza haidromita. Alikuwa akisoma vyumba sita kwa jicho, na sasa palikuwa na kisanduku kilichojisoma chenyewe. Akaniuliza ndani mna nini, nikamwambia nitakwenda kusoma nijue. Nilikwenda, na sikurudi kwenye kazi nyingine.

Nilichokikuta katika masomo ni lithiamu. Betri za lithiamu-ioni ziliuzwa mara ya kwanza na Sony mwaka 1991, kwa vifaa vya mkononi. Aina inayokaa vizuri nyumbani, ya chuma na fosfeti, ilitoka katika maabara ya John Goodenough huko Texas katikati ya miaka ya 1990. Haishiki moto kwa urahisi kama nyingine za lithiamu, na huvumilia kunyonywa na kujazwa mara elfu kadhaa. Goodenough alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Betri ninayotundika ukutani leo ina vyumba 16 vya volti 3.2, jumla volti 51.2 na kilowati-saa 5 na kidogo. Ya risasi hupaswi kuitumia zaidi ya nusu, hii unatumia sehemu tisa kwa kumi. Kwa nguvu zinazotumika hasa, ukuta mmoja unabeba kama betri 15 za gari za kule Nkubu, na haidai maji.

Wateja wangu wa leo wamefika hapa kwa njia nyingine. Wana stima, na walifunga paneli bila betri ili kupunguza bili. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipokatika karibu nchi nzima usiku, na ikakatika tena Novemba na Desemba, wengi waligundua jambo ambalo muuzaji hakuwaeleza: mfumo wa namna hiyo hujizima stima ikipotea, hata jua likiwa utosini. Umewekewa utaratibu huo kwa makusudi, usije ukarudisha umeme kwenye nyaya na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Ili nyumba ijitegemee inahitaji inveta inayoweza kujitenga na gridi, na betri ya kuishikilia. Ndipo wananipigia. Wanafikia kwa gharama kubwa mahali alipoanzia mkulima wa ng'ambo ya bonde.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo sitaki ipitwe, nayo ni risasi yenyewe. Betri zote zile zilizokufa, za matatu na za sebuleni, zilikwenda mahali fulani. Huko Mombasa, kando ya mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007. Moshi na maji machafu viliingia kwenye nyumba, na watoto wakapimwa wakakutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliongoza wakazi mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ilirudisha uamuzi huo Desemba 2024.

Wengi wanaobadilisha kuja kwenye lithiamu wana betri za risasi gereji au chini ya ngazi, nne au nane, zilizokuwa za inveta ya zamani. Katika hati ya bei ninayoandika nimeweka mstari wake. Betri hizo zinaondoka zikiwa wima, asidi ikiwa ndani, zinarudi kwa muuzaji anayezirudisha kiwandani, na mteja anapewa stakabadhi. Wapo wanaotaka kuziuza kwa watu wa vyuma chakavu, ambao humwaga asidi mtaroni ili wapate kilo za risasi. Hao naketi nao, nawaeleza habari za Owino Uhuru tangu mwanzo, na kazi naianza tukishakubaliana.